Herufi za Ukubwa Mmoja

Ushirika wa maziwa hauna chama.
Ndivyo alivyosema katibu, koti likimchuruzika mvua,
akaweka mezani pangu, kando ya mashine ya kudurufu,
kanuni saba zilizolowa pembeni.

Karatasi iwe nyeupe. Si kijani, si njano, si bluu,
maana rangi hapa Kyimo zina wenyewe.
Pasiwe na jembe, pasiwe na nyundo, pasiwe na vidole viwili,
hata ng'ombe hapana:
mmoja wa wagombea anao kumi na wanne,
atasema yule wa pichani ni wake.

Wino mmoja. Herufi za ukubwa mmoja.
Viboksi vilingane, nivipime kwa rula.
Na majina yasifuate alfabeti,
kwani Rungwe alfabeti huanzia herufi ya nne:
Mwaipasi, Mwakatobe, Mwangomo.
Tulitumbukiza vikaratasi kwenye kopo la maziwa,
mtoto wa muuza vocha akachota, macho kayafumba.

Kanuni ya tano ndiyo iliyonikwamisha.
Asiandikwe Mzee, wala Mchungaji, wala Mwalimu,
wala jina la utani, wala la mtoto wa mtu.
Jina tu, kama lilivyo kwenye kitambulisho.
Nikamvua Mwaipasi uchungaji wake.
Nikamvua Lugano Mwangomo ualimu,
miaka thelathini na mmoja ya vumbi la chaki.
Nikafika mstari wa tatu, vidole vikagoma.

Anyosisye Mwakatobe.

Sikuwahi kuliandika peke yake.
Shuleni nililiweka nyuma ya langu
kama mtu anayetembea na koti la baba yake mabegani.
Kuanzia mashine ya kusaga hadi zahanati
yeye ni Baba Tusekile.
Mama hajalitamka jina lile tangu aolewe.
Nikaligonga, herufi kwa herufi.
Likakaa pale kama mtu aliyetoka kuoga
akakuta nguo zimeanuliwa.

Nakala ya mia na tisini, umeme ukakatika.
Nilimaliza kesho yake.

Siku ya kura ukungu haukung'oka hadi saa tano.
Bibi Syabumi alipekua karatasi mbele na nyuma:
"Baba Tusekile mbona hayumo?"
Msimamizi akatazama dari. Kanuni ya sita:
asielekezwe mtu.
Nami nimekaa palepale, beji ya Karani kifuani,
mdomo umefungwa kama benki siku ya Jumapili.
Mama alipoingia hakuuliza kitu.
Alikaa kule nyuma ya pazia la khanga
muda wa kuchemsha chai.

Mwangomo, mia na tisa.
Mwakatobe, mia na saba.
Mwaipasi, sitini.
Zilizoharibika, tatu.

Hizo tatu zilipita mikononi mwangu.
Viboksi vitupu.
Chini, mahali nilipoacha nafasi ili karatasi ipumue,
mtu kaandika: Baba Tusekile.
Miandiko mitatu tofauti. Katika mmoja
ile T imeinama kulia, imeegemea jirani yake;
naijua, imejaa kwenye daftari letu la madeni ya ndizi.

Kanuni ya saba niliichapa mwenyewe, kwa wino mzito:
yenye maandishi yoyote haihesabiwi.
Nikazibana kwa kibanio, nikazitia bahasha,
nikatia sahihi juu ya gundi.
Sahihi yangu nayo, isome: ni jina lilelile.

Baba alimpa Mwalimu mkono, mikono miwili.
Usiku alikula ndizi zake hadi chini ya sahani.
"Umelichapa vizuri," akasema, "limenyooka."
Mama akainuka kuangalia moto
uliokuwa unawaka vizuri tu.

Asubuhi alibeba ndoo hadi kituo cha kupimia.
Karani wa mizani hakuinua kichwa.
Aliandika kama aandikavyo kila siku, haraka haraka,
herufi zikipishana urefu:
B/Tusekile, lita sita na nusu.